Kwa Nini Kompyuta Haioni Diski Mpya? Historia Fupi ya Kubisha Hodi



Kuna swali ambalo huniandama kila mtu anapojua kwamba kazi yangu ni kuandika programu. Haijalishi tuko matangani, ndani ya matatu au kwenye foleni ya benki. "Nimenunua SSD, nimeifunga vizuri, lakini mashine haiioni. Je, nimeuziwa mbovu?"

Mara nyingi jibu ni la, hukuuziwa mbovu. Diski ni nzima na kompyuta ni nzima. Kinachokosekana ni maelewano kati yao. Tunasema kompyuta "imeiona" diski kana kwamba ni kufumbua macho tu, kumbe ni kama mgeni kufika nyumbani kwa watu: abishe hodi, aulizwe yeye ni nani, ajibu kwa lugha ambayo mwenyeji anaielewa, kisha aonyeshwe pa kukaa. Kila hatua kati ya hizo ilibuniwa mwaka wake, na watu tofauti, kutatua shida ya wakati huo. Hakuna aliyekaa chini akaipanga yote kwa pamoja. Ndiyo maana mashine ya leo, yenye nguvu za ajabu, bado inaweza kukwama kwa sababu ya uamuzi uliofanywa mwaka 1983.

Leo nataka nisimulie historia hiyo. Ukiifahamu, utajua pa kushika mashine inapokugomea, na hutatoa pesa mara mbili kwa kitu ambacho hakijaharibika. Twende kazi.

Mgeni aliyejifanya mwenyeji

Watu wengi hudhani SSD ni kitu cha juzi. Hapana. Mwaka 1978 kampuni ya StorageTek ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa STC 4305. Ilikuwa hifadhi isiyo na sahani inayozunguka, yenye uwezo wa megabaiti 45, na bei yake ilikuwa kama dola 400,000. Megabaiti 45! Leo hizo ni picha kumi hivi za simu.

Kinachonivutia si bei, ni jinsi ilivyoingia katika kompyuta. Kompyuta kubwa za IBM za wakati huo zilijua kuzungumza na diski za IBM, basi. Wahandisi wa StorageTek hawakumwomba mtu yeyote abadilishe kompyuta yake. Waliifanya mashine yao ijifanye IBM 2305, diski ambayo kompyuta tayari iliijua. Kompyuta ikauliza maswali yake ya kawaida, ikajibiwa majibu ya kawaida, ikaridhika. Kasi tu ndiyo iliyokuwa tofauti.

Kumbuka hila hiyo. Kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata, karibu kila SSD ilikubalika kwa njia hiyo hiyo: kwa kujifanya diski ya kuzunguka.

Enzi ya kuiambia kompyuta kila kitu

Tuje kwenye kompyuta ndogo. Machi 1983 IBM ilitoa PC XT, iliyokuja na diski ngumu ya megabaiti 10. Pamoja nayo likaja DOS 2.0, na ndani yake jambo dogo ambalo lingeishi muda mrefu kuliko waliolibuni: jedwali la kugawa diski, lile la MBR. Sekta ya kwanza kabisa ya diski ina baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni za programu ya kuanzishia mfumo, baiti 64 ni jedwali lenye nafasi nne, na baiti mbili za mwisho ni muhuri wa kuthibitisha. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Mwaka 1984 ikaja PC AT. Hapa ndipo kompyuta ilipoanza kukumbuka diski yake hata ikizimwa, kwa sababu ilikuwa na kumbukumbu ndogo ya CMOS iliyolindwa na betri. Lakini kompyuta hiyo haikuiuliza diski chochote. Ndani ya BIOS kulikuwa na orodha ya aina za diski: aina ya 1 ina silinda kadhaa na vichwa kadhaa, aina ya 2 ina hivi na vile. Wewe mwenye mashine ndiye uliyesoma karatasi iliyobandikwa juu ya diski na kuchagua namba inayofanana. Ukikosea, diski haifanyi kazi, au mbaya zaidi, inafanya kazi nusu nusu. BIOS za baadaye zikaongeza orodha hadi aina ya 47, ambayo mara nyingi ilikuwa tupu ili ujaze mwenyewe.

Na betri ikiisha? Kompyuta inasahau kila kitu. Unawasha asubuhi na inakuambia haina diski, wakati diski imo humo humo na kazi zako zote zimo. Wazee wa fani hii walikuwa na desturi ya kuandika namba hizo kwa kalamu ndani ya kifuniko cha kompyuta. Ulikuwa ujinga? La hasha. Ile ilikuwa ndiyo nakala ya akiba.

Diski yajifunza kusema jina lake

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1986, pale Compaq, Western Digital na Control Data waliposhirikiana kuhamisha kidhibiti cha diski kutoka kwenye kadi ya kompyuta hadi kwenye diski yenyewe. Ndiyo asili ya IDE, ambayo mwaka 1994 ilirasimishwa kuwa kiwango cha ATA.

Sasa diski ilikuwa na akili yake, na mtu mwenye akili anaweza kuulizwa. Kuna amri inayoitwa IDENTIFY DEVICE. Kompyuta inaituma, na diski inarudisha baiti 512 zenye maelezo yake: modeli, namba ya utambulisho, programu yake ya ndani ni toleo gani, ina sekta ngapi. Hii ndiyo hodi yenyewe. Ile orodha ya BIOS ya "tafuta diski zenyewe" iliyotokea miaka ya 1990 ilikuwa inatuma amri hii na kusoma jibu.

Wale mliofungua kompyuta za zamani mnakumbuka ule waya mpana kama utepe, wenye diski mbili kwenye waya mmoja. Moja ilibidi iwe bwana na nyingine mtumwa, na ulichagua kwa kijipande kidogo cha plastiki kinachoitwa jampa. Zote mbili zikiwa mabwana, zinajibu kwa pamoja na kompyuta haielewi hata moja. Diski nyingi sana zilirudishwa madukani kwa sababu ya kijipande hicho.

Wakati huo huo, upande wa chipu, mambo yalikuwa yanachemka. Fujio Masuoka wa Toshiba aliwasilisha kumbukumbu ya flashi mbele ya wahandisi wenzake mwaka 1984, na mwaka 1987 Toshiba wakaonyesha aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyo katika SSD na flashi diski zetu leo. Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, ambayo baadaye iliitwa SanDisk, ikatengeneza SSD ya megabaiti 20 kwa ajili ya IBM, kwa bei ya dola kama 1,000.

Flashi ina tabia ngumu. Huwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani. Ni lazima ufute kwanza, na kufuta hufanywa kwa matofali makubwa, si sekta moja moja. Tena kila tofali huchakaa. Kwa hiyo ndani ya SSD kuna kompyuta ndogo inayotafsiri: wewe unaomba sekta namba 1,000, yenyewe inajua kwamba leo sekta hiyo iko kwenye chipu ya tatu, kesho itakuwa kwingine. Nje inasema "mimi ni diski ya kawaida," ndani ni kitu tofauti kabisa. Ile hila ya 1978, imerudi.

Kuta nne na hesabu zake

Hapa ndipo patamu kwa sisi tunaopenda namba.

Ili kufikia sekta kwenye diski ya zamani ulitaja silinda, kichwa na sekta. BIOS ilitenga biti 10 kwa silinda, 8 kwa vichwa na 6 kwa sekta. ATA nayo, iliyoundwa na watu wengine, ilitenga biti 16 kwa silinda, 4 kwa vichwa na 8 kwa sekta. Kila upande peke yake ulikuwa na nafasi ya kutosha. Lakini ukiviunganisha, unapata kidogo kati ya viwili kila mahali: silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63. Zidisha, kisha zidisha kwa baiti 512, unapata 528,482,304. Yaani diski ya gigabaiti 1 iliyonunuliwa miaka ya 1990 ilionekana kama nusu. Haikuwa mbovu. Wahandisi wawili hawakukutana.

Suluhisho la kwanza likawa BIOS kudanganya, kuzidisha vichwa na kupunguza silinda. Hilo likafika kikomo kwenye gigabaiti 8.4. Ndipo tukahamia LBA kikamilifu: achana na silinda, kila sekta ipewe namba yake kuanzia sifuri. Wazo zuri. Lakini ATA ilitenga biti 28 kwa namba hiyo, na 2 kwa kipeo cha 28 mara 512 ni gigabaiti 137. Ukuta mwingine. Kiwango cha ATA-6 mwaka 2002 kikaongeza hadi biti 48, na Windows XP ikapata uwezo huo kupitia Service Pack 1 mwaka huo huo.

Katikati ya hapo kulikuwa na kisa kimoja kinachonichekesha hadi leo. Baadhi ya BIOS za mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa na hesabu iliyoshindwa kupita gigabaiti 33.8. Ukiweka diski ya gigabaiti 40, kompyuta inaganda wakati wa kuiuliza, na huwezi hata kufika kwenye mfumo. Watengenezaji wa diski wakaongeza jampa moja: ukiiweka, diski inajibu kwamba ina gigabaiti 32 tu. Mgeni anaambiwa ajipunguze mlangoni ili mwenyeji asizimie. Sisi hapa Kenya tuliziona kuta hizi kwa kuchelewa, kwa sababu mashine nyingi zilizotufikia zilikuwa zile zilizokwisha kutumika Ulaya, zinazoitwa ex-UK. Unanunua diski mpya kabisa pale Luthuli Avenue, unaitia kwenye mashine yenye BIOS ya miaka saba iliyopita, halafu unashangaa gigabaiti zako zimeenda wapi.

Ukuta wa nne ni lile jedwali la 1983 nililosema uliweke akilini. MBR ilitenga biti 32 kwa namba za sekta: 2 kwa kipeo cha 32 mara 512 ni terabaiti 2.2 hivi. Mwaka 1983, na diski ya megabaiti 10, nani angewaza? Diski za terabaiti 3 zilipoingia sokoni mwaka 2010, watu wa Windows XP walifunga diski ya terabaiti 3 na kuona kama gigabaiti 746. Ni kama odomita ya gari: hesabu ilifika mwisho, ikaanza upya, wakaonyeshwa kilichobaki.

Jedwali jipya lilikuwepo tayari. Linaitwa GPT, na lilitoka kwa Intel pamoja na EFI, mfumo uliobuniwa kuchukua nafasi ya BIOS. Mwaka 2005 EFI ikakabidhiwa kwa umoja wa makampuni mengi na kuwa UEFI. GPT ina biti 64 kwa kila namba, na huweka nakala yake ya pili mwishoni mwa diski. Kwa hiyo leo unapofunga SSD mpya na Windows inakuuliza "MBR au GPT?", unaulizwa kuchagua kati ya 1983 na kizazi kilichofuata. Kwa mashine yenye UEFI, chagua GPT. Kwa mashine kuukuu yenye BIOS tupu ambayo unataka Windows ianzie kwenye diski hiyo, ni MBR.

SATA, AHCI na skrini ya bluu

Mwaka 2003 ikaja SATA: waya mwembamba, diski moja kwa kila waya, kwaheri jampa za bwana na mtumwa. Mwaka 2004 Intel wakatoa AHCI, namna mpya ya mfumo endeshi kuzungumza na kidhibiti cha SATA. Lakini ili mashine za zamani zisiachwe nyuma, BIOS zikawekwa chaguo mbili: "IDE", ambapo SATA inajifanya waya wa kizamani, na "AHCI".

Windows XP haikuijua AHCI. Ulipokuwa ukiisakinisha, ulitakiwa kubonyeza F6 kisha kuweka draiva kwa diskette. Diskette! Kwenye laptopu isiyo na mahali pa kuiweka. Wengine tulirudisha BIOS kwenye IDE tukaendelea na maisha. Vista ya 2007 ndiyo Windows ya kwanza ya nyumbani iliyokuja na draiva hiyo ndani yake. Na ole wako ukibadilisha kutoka IDE kwenda AHCI huku Windows imeshasakinishwa: skrini ya bluu yenye 0x0000007B, maana yake "siioni diski niliyoanzia." Diski iko palepale. Mlango ndio uliobadilishwa.

SSD inavua kinyago

Kwa muda wote huu SSD zilikuwa zinajifanya. Lakini kujifanya kulikuwa na gharama. Mfumo endeshi ulikuwa ukipoteza muda kupanga faili zikae karibu karibu, jambo lenye maana kwa sahani inayozunguka na lisilo na maana kwa chipu. Na ulipofuta faili, SSD haikujua. Iliendelea kubeba takataka kutoka tofali hadi tofali.

Ndipo viwango vikaruhusu SSD iseme ukweli. Katika lile jibu la baiti 512 kuna neno namba 217, linalotaja kasi ya mzunguko. Diski ya kawaida inaandika 5400 au 7200. SSD inaandika 1, maana yake "mimi sizunguki." Kama una Linux, fungua faili /sys/block/sda/queue/rotational. Ukiona 0, umesoma tafsiri ya neno hilo. Amri ya TRIM nayo, inayoiambia SSD ni sekta zipi hazihitajiki tena, ilipata nafasi katika Windows 7 mwaka 2009 na katika Linux 2.6.33 mwaka 2010.

Mwaka 2011 hatua kubwa zaidi ikafuata: NVMe toleo la 1.0. Hapa hakuna kujifanya tena. Diski inakaa moja kwa moja kwenye PCIe, kama kadi ya picha. AHCI ilikuwa na foleni moja yenye nafasi ya amri 32, kwa sababu diski ya kuzunguka ina mkono mmoja tu. NVMe inaruhusu foleni 65,535, kila moja ikiwa na hadi amri 65,536. Linux iliipokea rasmi katika toleo la 3.3 mwaka 2012, na Windows katika 8.1 mwaka 2013. Windows 7 ilihitaji kiraka.

Kilichokuja pamoja nayo ndicho kinacholeta maswali mengi leo: sloti ya M.2. Ni sloti moja yenye umbo moja, lakini lugha ni mbili. Kuna SSD za M.2 zinazoongea SATA, na kuna zinazoongea NVMe. Kuna sloti zinazoelewa ya kwanza tu, kuna zinazoelewa ya pili tu, na kuna zinazoelewa zote. Diski inaingia vizuri, skrubu inafungwa, na hakuna kinachotokea. Kimya kabisa.

Acha niwaeleze kilichotokea kwenye shule moja, ambayo sitaitaja. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa na diski ngumu ya gigabaiti 500. Shule ikanunua SSD ya M.2 ya gigabaiti 500 ili mashine iwe na kasi, na fundi akaja kuweka Windows. SSD ilikuwa NVMe, sloti ilikuwa ya SATA tu. Kwa hiyo kisakinishi kikaonyesha diski moja, gigabaiti 465. Fundi akaona ukubwa unalingana na wa SSD mpya, akadhani ile ya zamani ndiyo isiyoonekana. Akafuta sehemu zote, akasakinisha. Diski iliyofutwa ilikuwa na rekodi za karo. Mimi niliitwa siku mbili baadaye, na tayari Windows mpya ilikuwa imekalia mahali pa zile faili. Tuliokoa kidogo. Zilizobaki mhasibu na karani wake walizichapa upya kutoka vitabu vya risiti, ukurasa kwa ukurasa, huku wazazi wakibishana naye dirishani kuhusu nani amelipa na nani hajalipa.

Diski isiyoonekana haikuharibu chochote. Kilichoharibu ni kukisia kwamba ile inayoonekana ndiyo yenyewe. Ukubwa si jina. Kwenye kisakinishi cha Windows bonyeza Shift na F10, andika diskpart, halafu list disk, select disk 0, detail disk, utaona modeli. Kwenye Linux ni lsblk -o NAME,MODEL,SERIAL,SIZE. Na njia bora kuliko zote haihitaji amri yoyote: chomoa diski ya zamani kabla ya kusakinisha. Kisichounganishwa hakifutwi.

Mashine ya kizamani na NVMe mpya

Kuna kisa kingine kinachowachanganya watu. Una kompyuta ya mezani ya mwaka 2012, umenunua kadi ya PCIe ya kubebea NVMe, Windows au Linux inaiona na unaweza kuhifadhi faili, lakini mashine haikubali kuanzia hapo. Sababu ni kwamba anayeanza kuitafuta diski ni BIOS au UEFI, kabla mfumo endeshi haujaamka, na yule wa 2012 hakufundishwa lugha ya NVMe. Njia moja ni kuacha sehemu ndogo ya kuanzishia, kama /boot ya Linux, kwenye diski ya SATA au flashi, kisha mfumo mzima ukae kwenye NVMe.

Na kwa upande wa mashine mpya: laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina kitu kinachoitwa VMD, kinachoificha NVMe nyuma ya kidhibiti cha Intel. Kisakinishi cha Windows kinakuambia hakuna diski kabisa. Unapakua draiva ya Intel RST, unaiweka kwenye flashi na kuionyesha, au unazima VMD. Lakini usiizime kama tayari kuna Windows humo, yaweza kushindwa kuamka. Umeitambua hadithi hii? Ni F6 na diskette ya XP, imevaa nguo mpya.

Diski inaposema uongo

Tumeona kwamba kompyuta hujua diski kwa maneno ya diski yenyewe. Je, maneno hayo yakiwa si kweli?

Mwaka 2011 SSD za Intel 320 zilipatwa na kasoro: umeme ukikatika ghafla, baadhi ziliamka zikisema zina megabaiti 8 tu. Diski ya mamia ya gigabaiti, megabaiti 8! Kompyuta iliamini, ingefanyaje? Intel walitoa programu mpya ya ndani mwezi Agosti mwaka huo. Sisi ambao stima hutuaga bila kubisha hodi tunajua kwa nini UPS si anasa.

Mwaka 2019 HPE waliwaonya wateja kwamba baadhi ya SSD zao za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kazi, na data isingerudi. Mwandishi yeyote wa programu akiona namba hiyo anashtuka. Ni 2 kwa kipeo cha 15, pale ambapo namba ya biti 16 yenye upande wa hasi inafurika. Seva yenye diski nne zilizowashwa siku moja ingepoteza zote nne karibu saa moja, na RAID yako isikusaidie kitu.

Halafu kuna uongo wa makusudi. Diski za bandia zinazouzwa mitaani na mitandaoni hubadilishwa programu ya ndani ili zijibu "nina terabaiti 2" wakati chipu ni ya gigabaiti 64. Kompyuta inaziona vizuri sana, tena haraka. Unahifadhi picha za harusi, zinaingia, na zikipita kikomo zinaandikwa juu ya zile za kwanza au zinatupwa. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Dawa ni kujaza diski nzima kisha kuisoma: kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux tumia f3. Fanya hivyo kabla ya kuweka kitu cha thamani, na ukiwa bado una risiti.

Kwa hiyo ufanye nini?

Fuata historia kuanzia chini kwenda juu.

Kwanza, waya na sloti. SATA ina waya mbili, wa data na wa umeme, zote zimekaa? Kama ni M.2, soma kitabu cha ubao mkuu: sloti hiyo ni ya SATA, NVMe au zote? Na je, kuitumia kunazima tundu mojawapo la SATA? Kwenye bodi nyingi ndivyo ilivyo.

Pili, BIOS au UEFI. Jina la modeli linaonekana humo? Kama halipo, usihangaike na Windows bado. Jaribu waya mwingine, tundu jingine, mashine nyingine.

Tatu, likionekana humo lakini si kwenye mfumo, ni suala la draiva: AHCI, NVMe, au VMD.

Nne, mfumo ukiiona lakini huioni pamoja na C na D zako, basi haijaanzishwa. SSD mpya hutoka kiwandani bila jedwali wala fomati. Fungua Disk Management kwa kuandika diskmgmt.msc, ianzishe kwa GPT, tengeneza sehemu, ifomati. Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo SSD nyingi nzima hurudishwa dukani.

Ukifika hatua ya nne na diski ina data yako ya zamani, usibonyeze chochote chenye neno la kuanzisha au kufomati. Simama hapo, ichomoe, tafuta anayejua. Diski isiyoonekana inaweza kusubiri wiki nzima bila kupoteza kitu.